Godoro Lililowekewa Mikono

Nitaisema mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia kwa watu. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye Mama Keki wa mtaa wa Pioneer, mimi ndiye niliyenasisha mkono wa pasta kwenye godoro mbele ya naibu wa chifu, akina mama wa kanisa na kiwanda kizima, na kama ulikuwa Eldoret mwaka ule baada ya vurugu za uchaguzi na hukuipata hadithi hii basi lazima ulikuwa umelala (na kama ulikuwa umelala, huenda ulilalia kazi ya mikono yangu, kwa hivyo shika adabu). Aibu niliipata, sikatai. Lakini kuna mahali wanatia chumvi, na kuna jambo moja wanalisahau kila mara wakisimulia, na hilo ndilo limenileta hapa.

Nilikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha magodoro, nashona makava ya kuvisha magodoro, na kwa miaka miwili kila asubuhi Mzee Gitau alikuwa ananiita nimsaidie kupima dawa kwa sababu msaidizi wake aliacha kazi na mimi mkono wangu hautetemeki. Mzee Gitau ndiye alikuwa mchanganyaji. Sasa, kama hujui, sponji ya godoro haifumwi wala haishonwi, inaumuliwa: unakoroga kemikali kwenye pipa, unatia dawa ya kuumua na dawa ya kugandisha, mwisho unatia ile kemikali kali yenyewe, unakoroga kwa haraka kama mtu anayefukuzwa, unamwaga kwenye sanduku la mbao kubwa kama chumba cha kupanga, na kabla hujamaliza sala ya Baba Yetu bloku nzima ya sponji imeshapanda hadi kifuani. Ikipoa inakatwakatwa magodoro. Ni kazi ya dakika chache na ukikosea hakuna kurudi nyuma, ndiyo maana mchanganyaji ni mtu wa kuheshimiwa, ana meza yake, ana ufunguo wake, na ana koti jeupe.

Hiyo dawa ya kugandisha tuliiita tini tu, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye mkebe. Ni nzito, inanata, na kiasi kidogo tu kinatosha bloku nzima. Mzee Gitau hakuitia hivi hivi. Aliichanganya kwanza na mafuta fulani yasiyo na rangi wala harufu, ndani ya mtungi wa njano, halafu anatikisa mtungi huo kama mtu anayetikisa kibuyu cha maziwa, anatikisa huku anaongea habari za mpira, anatikisa hadi mtu unachoka kwa niaba yake, ndipo anapima. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, hii mafuta inafanya nini ndani ya godoro?"

"Haifanyi kitu," akasema. "Inabeba tu."

Basi mimi nikashika ile nusu ya kwanza nikaiweka kichwani, ile ya pili nikaiacha hapo kwenye meza.

Halafu zikaja zile siku. Sitazisimulia, waliokuwako wanazijua. Nyumba ya Mzee Gitau pale mtaa wa Munyaka ilichomwa kwa sababu ya kabila lake, na yeye na mkewe wakakimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho, kwenye mahema, na watu wengine wengi. Sisi wa Pioneer tuliotoka Busia na pande zile tulikaa ndani, pazia zimefungwa, tunasikiliza redio ya jirani. Kiwanda kilivunjwa. Walibeba magodoro, walibeba nyuzi, walibeba hata saa ya ukutani, na wakabingirisha pipa zima la yale mafuta, sijui kwa nini, pengine walidhani ni ya kupikia (aliyejaribu kukaangia mandazi, Mungu alikuwa naye). Mkebe wa tini ulinusurika kwa sababu ulikuwa umefungiwa ofisini. Na koti la Mzee Gitau likabaki kwenye msumari wake, kalamu mfukoni, kana kwamba mwenyewe ametoka kunywa chai.

Baada ya wiki kadhaa bosi akatuita. Tulikuja nusu. Akasema makanisa yanataka magodoro ya watu wa kambini, akasema mashine ziko, kemikali kuu ziko, je, nani anaweza kuchanganya? Kila mtu anatazama viatu vyake, na wengine viatu vyenyewe havikuwa vya kutazamwa. Sasa mdomo wangu, ambao umeniponza tangu nikiwa darasa la pili, ukafunguka wenyewe.

"Mimi naweza."

Bosi akanitazama. "Wewe wa cherehani?"

"Ndiyo, wa cherehani."

"Sawa. Bloku ya kwanza ikitoka vizuri, kazi ni yako."

Kazi ya uchanganyaji! Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kuipata pale. Niliona ile meza, niliona ule ufunguo, niliona mwanangu Felix akijaza fomu ya shule mahali pa kazi ya mzazi na haandiki kushona. Shida ilikuwa moja, yale mafuta. Lori la kuleta mengine lilikuwa limekwama njia ya Nairobi na hakuna aliyejua lingefika lini. Bosi akauliza kama tungoje. Nikamwambia tungoje nini, mafuta yenyewe hayafanyi kitu, nilimuuliza Mzee Gitau kwa mdomo wangu na ndivyo alivyojibu.

Chebet ndiye aliyenishika mkono tukitoka. Chebet tulikuwa tunashona meza moja, msichana wa mtaa wa Kapsoya, mdomo wake na wangu ni ndugu, na zile wiki zote alikuwa ananipigia simu kuniuliza kama tumekula.

"Mama Felix, si uende tu pale kambini, showground, umuulize mzee? Ni hapo tu, hata chai haiwezi poa."

"Sina haja. Najua."

"Unaogopa nini sasa?"

"Siogopi kitu. Mzee ana shida zake, nimsumbue na mambo ya tini?"

Mnasikia jinsi nilivyoipamba? Nikaivalisha nguo ya huruma kabisa. Ukweli ni kwamba nilijua nikienda kumuuliza Mzee Gitau tini inachanganywaje, naye ataniuliza nani anachanganya, na ningemjibu nini? Mtu ametolewa nyumbani kwake, mimi niende kumwambia kwamba hata mahali pake pa kazi nimeshapakalia, na tafadhali anifundishe jinsi ya kupakalia vizuri? Nikaona heri nisiende. Hapo ndipo nilipokosea, hapo tu, yote mengine yalijipanga yenyewe nyuma ya hilo.

Bosi naye akataka sherehe. Akaalika makanisa, akaalika naibu wa chifu, na wa kuomba akawa pasta wetu sisi wenyewe wa Pioneer, mtu mkubwa wa mwili na sauti, aliyekuja na suti ya kijivu ambayo huivaa harusini pekee. Akina mama wa kanisa walikuja na vitambaa vyao vya kichwa vya kufanana. Mimi nilikuwa ndani ya koti la Mzee Gitau, mikono nimeikunja mara mbili kwa sababu ni mirefu kuliko yangu, na ile kalamu bado ilikuwa mfukoni, nikawa naihisi kila nikiinama.

Nilipotia tini niliiona. Nilipaswa kusimama pale pale. Haikuenea, ilishuka ndani ya pipa kama uzi wa asali na kukaa chini upande mmoja, moyo ukaniuliza, "Hiyo ni nini?" nikaunyamazisha, nikakoroga, wanaume wakamwaga, na bloku ikaanza kupanda. Ilipanda, jamani. Ilipanda nyeupe, safi, na akina mama wakapiga vigelegele na bosi akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemjua. Kama sherehe ingeishia hapo ningekuwa nawasimulia mambo mengine leo.

Lakini pasta alishukiwa na Roho. Akasema hili si godoro tu, hili ni tumaini, na tumaini ni lazima liwekewe mikono. Akapanda kwenye ubao kando ya sanduku, akainua mkono wa kulia. Nikasema, "Pasta, bado ni mbichi, ngoja kid..." lakini alikuwa ameshafumba macho, na bosi akanikazia jicho ninyamaze. Mkono ukashuka, ukatua juu ya bloku, papo hapo.

Pasta wetu akiomba huomba. Aliombea nchi, akaombea viongozi kwa kufuata vyeo, akaombea wakulima wa mahindi, barabara, na lile lori letu popote lilipo. Watu wote walikuwa wamefumba macho, ila mimi. Upande wa kulia wa bloku, kule tini yote ilikokwenda kukaa, ulianza kujikunja. Polepole. Ukaingia ndani kama shavu la bibi asiye na meno. Na upande wa kushoto, ambako tini haikufika hata tone, ukatoa pumzi moja ndefu, ukapasuka katikati, ukaanza kushuka, umelowa, unanata kama ugali usioiva. Mkono wa pasta ulikuwa upande wa kushoto.

"Amina," akasema. Tukasema amina. Akavuta mkono.

Mkono ulikuja, lakini haukuja peke yake. Ulikuja na ngozi yote ya juu ya bloku, nyuzi kwa nyuzi, na alipoleta mkono wa pili kuusaidia wa kwanza, wa pili nao ukaingia, na mwenyekiti wa akina mama alipokimbia kusaidia na kitambaa chake, kitambaa kikabaki huko huko. Wakavuta wote wawili. Bloku ikaegemea, ikasema "pwaa", na yote iliyobaki ikalala. Chebet akaja mbio na mkoba wake, akatoa ile dawa ya kufuta rangi ya kucha, akammwagia pasta kwenye vidole kimoja kimoja, mkono wa kushoto ukaachilia lakini wa kulia ulikuwa umeshikwa hadi kwenye nguo, ikabidi nilete mkasi wangu wa kukatia makava. Nilikata mkono wa suti ya harusi kuanzia kwenye kiwiko, mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa koti la mtu. Unasikia mkasi tu. Halafu mtu mmoja huko nyuma akasema kwa sauti ya upole, "Keki imelala."

Walicheka. Naibu wa chifu alishika ukuta. Watu ambao kwa wiki nyingi walikuwa wanapishana bila kusalimiana walikuwa wameegemeana wakifutana machozi, na bosi mwenyewe aligeuka akatazama dirisha, mabega yanaruka. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nayo siku hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Pasta hakucheka. Akiwa na mkono mmoja wa suti akaniuliza, "Dada, ni nini kimefanyika?" Nami kwa ujinga wangu nikasema ukweli: "Tini haikusambaa, Pasta. Imekaa upande mmoja kwa sababu haikuwa na mafuta ya kuibeba."

Niliona macho yake yanawaka, nikajua nimekwisha.

"Mmesikia?" akawageukia watu. "Tini imekaa upande mmoja!" Na hapo hapo, kiwiko kikiwa nje, akahubiri kuhusu makabila yanayokaa upande mmoja, na mafuta ya upendo yanayotuchanganya, hadi waliokuwa wanacheka wakaanza kulia. Bosi alingoja wamalize. Akaniambia taratibu, bila ubaya, "Vua koti. Rudi cherehani."

Mahubiri hayo yalisafiri kuliko mimi nilivyowahi kusafiri. Jumapili yalikuwa kanisani kwetu, katikati ya wiki yakasikika Kapsoya, Jumapili iliyofuata yakawa kwetu tena yameongezwa mistari. Felix akarudi shuleni shati limechanika kwa sababu ameambiwa mamake ni Mama Keki. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu ni hapa wanaposahau. Kicheko sikukichukia. Mtu akikosea mbele ya watu, watu wacheke, ni haki yao. Nilichukia yale mahubiri. Yalikuwa matamu mno. Watu walikuwa wanayasikia, wanalia kidogo, wanaenda nyumbani wamejisikia vizuri, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mtoto angeuliza: huyo aliyekuwa anatia mafuta siku zote, yuko wapi?

Nililifua lile koti. Nikalipiga pasi. Nikaenda kambini kwa miguu yangu.

Mzee Gitau alikuwa amekaa nje ya hema juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndevu hazijanyolewa. Nikampa koti kwa mikono miwili.

"Nimekuletea, Mzee."

"Nilisikia limevaliwa," akasema. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. "Ulitia tini hivyo hivyo, mbichi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Bila mafuta?"

"Ulisema haifanyi kitu."

"Nikasema inabeba." Akajikuna ndevu. "Kutoka kiwandani hadi hapa, mtu hawezi hata kumaliza soda. Mbona hukukuja kuniuliza, Nekesa?"

Njiani nilikuwa nimepanga majibu mengi, yote mazuri. Nikayasahau. "Nilitaka kazi yako," nikasema.

Mkewe alikuwa anaosha vikombe kwenye karai. Akaacha. Mzee Gitau akaangalia koti mapajani pake, akatoa ile kalamu, akaifungua, akaifunga.

"Afadhali umesema," akasema mwishowe. "Wengine wamechukua vitu vyangu na bado wananisalimia."

Nilipoinama kumuaga mkewe niliona ndani ya hema. Walikuwa wamekunjua katoni za mafuta ya kupikia, wamezipanga juu ya nyasi, na juu ya katoni blanketi moja. Hapo ndipo Mzee Gitau alikuwa analala. Nililia njia yote hadi Pioneer, na yalikuwa machozi ya hasira, nayajua tofauti.

Jumapili pasta akasimama, na baada ya wimbo wa pili akasema, "Ndugu zangu, kuna mama mmoja hapa kwetu na godoro lake..." Mara ya tatu! Katika kanisa letu mtu hasimami mahubiri yakiendelea ila awe amezidiwa na ugonjwa au na pepo. Nikasimama. Wazee wawili wa kanisa wakaja kila mmoja upande wake.

"Pasta, samahani," nikasema. "Hilo godoro ni langu, na naomba nirudishiwe."

Watu wakaguna. Nikaendelea, kwa sababu nikikaa nisingesimama tena. "Tini haina dhambi yoyote. Haikumkataa mtu. Mimi ndiye nilijua mwenye kazi yuko wapi nikakataa kwenda kumuuliza, kwa sababu nilitaka koti lake. Hayo ndiyo yalitokea, hayana mafuta ya upendo ndani. Na nyinyi mmesikia hii hadithi mara tatu, mmelia mara tatu, na hakuna aliyeuliza huyo mzee analala wapi. Analala kwenye katoni. Mtu aliyelaza mji huu wote analala kwenye katoni, hapo tu, na magodoro aliyoyatengeneza kuna watu wanayalalia na hawakuyanunua, na wengine wao naona mko hapa na mmependeza."

Sikuwa nimepanga kusema hilo la mwisho. Lilitoka. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameshika kiwiko changu akakiachilia. Nilikaa. Pasta akaifunga Biblia yake.

"Nani amekuja na gari?" akauliza.

Ni mahubiri mafupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na ndiyo pekee ninayoyakumbuka. Alikwenda kambini mwenyewe mchana ule, amebeba godoro la kitanda chake. Na Jumatatu asubuhi, mlinzi alipofungua geti la kiwanda, alikuta magodoro saba mapya yameegemezwa ukutani, na kando yake limesimama pipa letu la mafuta, kifuniko kimekazwa, halina mwenyewe, limepungua kidogo tu (mandazi, sina shaka).

Chebet na wenzake wawili ndio waliomfuata Mzee Gitau na kumleta kazini, na wakakaa mlangoni siku nzima wakimlinda asiguswe na mtu, Chebet akijifanya anashona. Tulichanganya pamoja. Nilitikisa mtungi mimi, hadi mabega yakawaka moto, na kila nikitaka kuacha anasema, "Bado." Bloku ikapanda sawa pande zote na kubaki ilivyo. Bosi akamwambia kazi yake ipo, arudi. Akasema hapana, mkewe hawezi tena kulala Eldoret, wanaenda Nakuru kwa shemeji yake. Kisha akanionyesha kwa kidevu. "Huyu anajua," akasema. "Saa hii anajua." Akalivua koti, akalitundika mwenyewe kwenye ule msumari, akatoa kalamu akaitia kwenye mfuko wa shati, akaenda.

Kwa hivyo niiteni Mama Keki, naitika. Mimi ndiye mchanganyaji pale hadi leo. Nimekula kiapo kwamba tini yangu haitaingia pipani bila mafuta hata lori likwame mwaka mzima, na kwamba sitakalia kiti cha mtu bila kumwangalia machoni kwanza. Koti nimelifupisha mikono. Ule mfuko wa kalamu nimeuacha vile vile, na sitii kitu humo.